Nge, Mtoto na Umbali wa Hospitali



Tunapoitafakari haki ya afya, ni mara chache nge huingia katika mazungumzo yetu. Wengi twamhesabu kuwa ni ajali ya nyumbani: mtu ameumwa, amelia usiku kucha, asubuhi amepata nafuu. Leo naomba tuitazame nchi ya Brazili, ambako jambo hili limekuwa swali la taifa zima. Tangu mwaka 2017, watu zaidi ya 100,000 huandikishwa huko kila mwaka kwamba wameumwa na nge.

Anayeogopwa zaidi ni nge wa manjano, ambaye wataalamu humwita Tityus serrulatus. Jike lake huzaa bila dume. Basi mmoja tu aliyesafiri ndani ya shehena aweza kuanzisha ukoo mzima. Naye amehamia mjini: katika mifereji ya maji machafu, vifusi na kuta zenye nyufa, mahali penye mende wengi wa kuliwa. Mtaa ambao taka zake hazizolewi humfuga nge bila kupenda. Kunyunyiza dawa ya wadudu hakusaidii sana. Pengine humfukuza tu kutoka mferejini akaingia chumbani.

Mtu mzima, na mara nyingi hata kijana, hupata maumivu makali yakaisha. Kwa mtoto mdogo hali ni nyingine, kwa kuwa sumu ni ile ile na mwili ni mdogo. Hutapika mara kwa mara, hutokwa jasho na mate, moyo huenda mbio. Akizidiwa, mapafu hujaa maji. Hayo yaweza kutokea katika saa mbili au tatu za mwanzo. Kufunga kamba, kuchanja au kufyonza jeraha ni kuzipoteza saa hizo.

Dawa ya kupinga sumu ipo. Hupatikana katika damu ya farasi waliozoeshwa sumu hiyo kidogo kidogo, na hutengenezwa na taasisi za umma kama Butantan ya São Paulo. Mwaka 1986, baada ya uhaba mkubwa wa dawa za namna hii, serikali ilianzisha mpango wa taifa, na leo mgonjwa hatozwi kitu. Yastahili sifa. Lakini dawa hiyo haiuzwi madukani, wala haimo katika kila kituo. Imewekwa katika hospitali teule. Mtoto anayeishi karibu nayo hufika upesi. Mtoto wa kibarua wa shamba la mbali hupelekwa kwanza zahanati isiyo na dawa, kisha husubiri gari. Tofauti hiyo haikuletwa na nge.

Kwa hiyo kiongozi wa mtaa huko ana mambo mawili ya kuuliza halmashauri yake: taka zitazolewa lini, na ni hospitali ipi ya karibu yenye dawa usiku huu. Jibu la pili yafaa libandikwe mlangoni pa kila shule, kabla mtoto hajaumwa.