Kartasi zetu zisioze

Wandugu na wadada, vijana wa Lubumbashi,

Leo ni 9 Juni, siku ya kimataifa ya hifadhi za kumbukumbu. Tuko hapa juu ya kartasi.

Mwaka 1965, muji huu ungali unaitwa Élisabethville, André Yav aliandika historia yake kwa Kiswahili chetu, kwa jina la chama cha wazee waliofanya kazi ya boyi kwa Wazungu. Kazi ile ilichapwa kitabu huko Amsterdam mwaka 1990. Kama kopi haikutunzwa, sauti ya wale wazee ingezikwa nao.

Zingine zilikufa. Mwaka 1908, mbele ya kuachia Ubelgiji Kongo, Leopold II alichomesha hifadhi za utawala wake. Mtu hachomi kartasi zisizosema kitu.

Na leo? Mvua na mchwa vinafanya kazi ile ile, bila moto. Kartasi ya parsele ya mama ikioza, mwenye pesa njo anakuwa mwenye parsele.

Tunadai kwa viongozi: vyumba vikavu, rafu, na mshahara wa watunza hifadhi, kila mwezi.

Na sisi wenye diplome bila kazi, tuko na simu, tuko na wakati. Tuombe wazee ruhusa, tupige picha barua zao na kadi zao za kazi, tuandike majina na tarehe. Tuanze wiki hii, kila mtu kwenye avenyu yake.

Muji usio na kartasi, mwongo yeyote anauandikia historia. Sisi tunakataa!