Faili Haijapotea: Uliza Masini Yenyewe
Mazungumzo kwa makatibu wa vikundi



Kuna neno moja tunalisikia sana ku biro: "Fishie imepotea." Mama mmoja amefiwa, anakuja kuomba msaada wa matanga. Lazima tuone michango yake. Katibu anafungua masini, haoni lisiti, mama anarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini mara nyingi ile fishie, ao faili kama tulivyozoea kusema kule Tanzania, iko mule mule ndani. Ni mahali tu hatukutazama.

Ku masini zenye Linux, kama Ubuntu, bonyeza Ctrl, Alt na T pamoja. Dirisha litafunguka. Musiogope. Tuseme lisiti inaitwa michango. Andika hivi, kisha bonyeza Enter:

find ~ -iname "*michango*"

Alama ~ maana yake nyumba yako, mahali mafaili yako yote yanakaa. Hiyo -iname inatafuta jina bila kujali herufi kubwa ao ndogo. Nyota inasimama pahali pa maneno mengine, kwa hiyo "Michango_2019" nayo itaonekana. Kama iliwekwa ku flashi, pahali pa ~ andika /media.

Umesahau jina, lakini unajua uliifanyia kazi juma hili? Andika:

find ~ -mtime -7 -iname "*.ods"

Utaona meza zote za LibreOffice zilizoguswa siku 7 zilizopita.

Kuna pia amri locate. Yenyewe iko mbio sana, sababu inasoma orodha iliyotayarishwa mbele. Lakini faili ya leo inaweza kukosa humo. Kwa ya leo, tumia find.

Sasa mutauliza: nikisahau haya yote, na intaneti hakuna? Kitabu cha maelezo kimo ndani ya masini. Andika man find. Kwa kuendelea, bonyeza kitufe cha nafasi; kwa kutoka, q. Ukitaka kwa kifupi, find --help. Na kama hata jina la amri hulijui, andika man -k na neno moja la Kiingereza, mfano man -k copy. Masini itakuonyesha amri zinazogusa mambo ya kunakili.

Onyo moja. Kutafuta hakuharibu kitu, lakini mtu akikuambia uongeze -delete, kataa. Hiyo inafuta kila kilichopatikana, na hairudishi.

Kwa hiyo, ndugu katibu, mbele ya kumwambia mama "imepotea", tafuta kwa jina, tafuta kwa siku, tafuta ku flashi. Mama alilipa kila mwezi. Haki yake isikae gizani kwa kukosa mstari mmoja wa maneno.