Mshumaa Tuuzime: Faida ya Anayefundisha



Kila mwalimu anapostaafu, mshereheshaji husimama akatuambia kwamba mwalimu ni mshumaa: huteketea ili wengine waone. Tunapiga makofi, mstaafu anakabidhiwa saa ya ukutani, ubwabwa unapakuliwa. Nimekuja kuupinga mshumaa huo, na mniwie radhi nikiutumia muda wangu mwingi hapo.

Kwanza, hesabu yake haijumliki. Nta ikishawaka imekwenda. Somo nililompa mwanafunzi jana ninalo leo, tena limeninyookea zaidi. Pili, ni sifa inayomfaa mwajiri. Aliyekwisha kuitwa mshumaa akidai malimbikizo yake huonekana ameusaliti wito. Tatu, na hili ndilo linaloniudhi hasa, mshumaa hauulizwi maswali.

Mwalimu huulizwa, na kwa kufundisha hujifunza. Mwaka 1980 wanasaikolojia John Bargh na Yaacov Schul walionyesha kwamba anayesoma ili akamfundishe mwenzake hujifunza zaidi ya anayesoma kwa ajili ya mtihani. Vyuo vya Kurani vya pwani yetu, ambako aliyetangulia humsomesha mdogo wake alifu na bee, havikuungoja utafiti huo.

Lakini ushahidi ninaoupenda ni vitabu vya kisomo cha watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tangu 1968 mradi wa kisomo wa UNESCO ulikuwa umekwisha kuanza Mwanza kwa ajili ya mikoa ya Ziwa. Vitabu vyake vilifungamana na kazi za watu: kimoja pamba, kingine ndizi, kingine uvuvi, kingine ng'ombe. Wengi waliofundisha walijitolea, wakiwemo vijana waliotoka darasa la saba juzijuzi, kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Hebu tazameni mpango huo ulivyo mzuri! Kijana anaandika ubaoni neno la palizi mbele ya mzee aliyepalilia pamba tangu kijana huyo hajazaliwa. Herufi anazijua kijana, shamba analijua mzee, na ukurasa hausomeki mpaka kila mmoja amsikilize mwenzake. Takwimu za serikali ya Tanzania zinasema wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 39 mwaka 1975 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Takwimu hizo zimewahesabu wazee waliojifunza. Yule kijana alivuna nini? Hakuna safu yake katika majedwali.

Mimi nakijua kidogo alichovuna. Nikiwa mwanafunzi nilifundisha hesabu jioni, na mama mmoja muuza samaki akataka kujua kwa nini ukigawa kwa nusu jibu linakuwa kubwa. Kanuni nilikuwa nayo: geuza, zidisha. Kabla sijaitamka, akajijibu mwenyewe: “Mwanangu, si samaki watatu nikiwakata nusu nusu napata vipande sita?” Niliondoka pale nimelipwa.

Wapo watakaosema kuna mwalimu anayerudia daftari lilelile miaka thelathini asijifunze lolote. Kweli. Wapo mafundi mahiri wasiowahi kuwa na mwanagenzi. Kweli pia. Na raha ya kufundisha hailipi kodi ya nyumba, wala haipunguzi darasa lenye watoto mia. Atakayeutumia mhadhara huu kupunguza mishahara hakunisikiliza. Nimeyapima yote hayo, na bado nashikilia kwamba hakuna aliyelimiliki somo kabla hajaulizwa swali na asiyelijua.

Ndiyo maana nimependekeza kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo chetu aongoze semina ya mwaka wa kwanza, ihesabiwe katika alama zake na alipwe posho. Kamati ya chuo imeniuliza nani atasahihisha kazi hizo. Nimejitolea kusahihisha za idara yangu muhula huu. Idara nyingine zimeniahidi majibu baada ya kikao cha Seneti.