KIDONDA CHA KINYWANI NA RANGI YA BULUU
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama wa Tiwi)

Habari za mishahara na nyumba tumekwisha sema mara nyingi, na tutazisema tena. Leo twaomba tuseme habari ya kinywa, maana mfanya kazi asiyeweza kula wala kusema hana nguvu ya kudai lo lote.

Iko kansa ya kinywa, ambayo wengine huiita saratani. Huanza kwa jambo dogo: baka jeupe au jekundu ndani ya shavu, au kidonda kando ya ulimi au chini yake. Ubaya wake ni huu, ya kwamba mwanzoni mara nyingi haiumi. Sisi tumezoea kwenda hospitali kwa kusukumwa na maumivu; kisichouma twakiacha. Kikianza kuuma, pengine ugonjwa umekwisha ingia ndani na kufika kwenye tezi za shingo. Hapo matibabu huwa makubwa, na wengi hawaponi. Lakini ikishikwa mapema, mara nyingi hutosha kukatwa sehemu ndogo, na mtu akarudi kazini kwake.

Hapa Tiwi, kama Diani na Msambweni, tuna uraibu wetu. Wako wavutao tumbaku, wako waitafunao au kuiweka mdomoni, wako walao tambuu kwa popoo na chokaa. Hatukuja kumtukana mtu kwa tambuu yake, kwani ni heshima ya mgeni na ya harusi. Lakini ukweli usemwe. Tumbaku ya namna zote huleta kansa hii. Hata popoo bila tumbaku, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lililoko Lyon, Ufaransa, lilitoa kitabu mwaka 2004 likaitia katika orodha ya vitu viletavyo kansa kwa mwanadamu. Na mtu avutaye tumbaku na kunywa mnazi au pombe nyingine, hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenye kimoja tu.

Sasa, kansa changa hujulikanaje? Mafundi wa karakana za reli, tangu siku za injini za moshi, walikuwa na njia ya kutafuta ufa usioonekana kwa macho katika chuma. Walipaka mafuta, wakayafuta, kisha wakapaka unga mweupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalitoka yakatia doa katika ule weupe. Doa halikusema ufa una kina gani. Lilisema tu, "Tazama hapa."

Kwa kinywa nako iko rangi ya kusema "tazama hapa". Ni rangi ya buluu iitwayo toluidini. Mwaka 1964 madaktari wawili wa Marekani, Niebel na Chomet, waliandika habari za kuijaribu ndani ya kinywa. Mgonjwa husukutua kwa maji yenye asidi kidogo kama ya siki, hupakwa rangi, kisha husukutua tena. Mahali pazima rangi huondoka. Mahali penye chembe za mwili zinazozaana ovyo rangi hubaki, kwa sababu hushikamana na vitu vilivyomo katika viini vya chembe, na chembe za kansa zina vitu hivyo kwa wingi.

Lakini tusidanganyike, ndugu. Kidonda cha kujiuma, au cha jino lenye ncha, nacho huweza kushika buluu. Ndiyo sababu kinachokwaruza huondolewa, na kipimo kikarudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Tena yako mabaka mabaya yasiyoshika rangi. Basi buluu si hukumu, na kukosa buluu si msamaha. Wala si kila zahanati ina rangi hii, na kukosekana kwake kusiwe sababu ya kurudishwa nyumbani bila kutazamwa.

Hukumu hutolewa kwa kipande cha nyama. Daktari hutia ganzi, akakata kipande kidogo mahali penye shaka. Kipande hutiwa katika dawa ya fomalini kisioze, hugandishwa katika nta, kisha hukatwa vipande vyembamba mno, kiasi cha sehemu 4 au 5 kati ya sehemu elfu za milimita moja. Hapo hupakwa rangi mbili. Ya kwanza ni hematoksilini, itokayo katika mti wa Amerika ya Kati, nayo hugeuza viini vya chembe kuwa buluu ya zambarau. Ya pili ni eosini, nayo huyapa yaliyobaki rangi ya waridi. Mtaalamu akitazama kwa hadubini huona viini vya chembe nzima vimepangika. Katika kansa viini huwa vikubwa, vyeusi zaidi, vimesongamana, na chembe zimevunja mpaka wao na kuingia chini. Zikiwa zimeharibika lakini mpaka haujavunjwa, basi ugonjwa umekutwa mlangoni.

Wako wasemao ya kwamba kansa ikiguswa na kisu hutawanyika. Neno hili limewarudisha watu wengi nyumbani. Kukata kipande cha kupima hakuleti kansa. Kukataa kupimwa ndiko kunakoipa nafasi.

Basi twaomba mambo matatu.

Kwanza, kila siku ya mshahara, chukua kioo, simama penye mwanga, tazama mashavu, fizi, ulimi pande zote na chini yake. Kidonda au baka lisilopona kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya cha Tiwi au hospitali ya Msambweni, ukatake kutazamwa na mganga wa meno. Ukitumwa Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, vuka Likoni uende.

Pili, ukikatwa kipande, uliza kimepelekwa wapi, kwa nambari gani, na jibu ni lini. Siku ikifika, lifuate. Jibu lililolala kabatini halimponyi mtu.

Tatu, haki yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini, kwa cheti cha daktari, siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Lakini mwenye kidonda kisichouma bado hajawa mgonjwa machoni pa msimamizi, naye huogopa kupoteza kibarua cha siku moja. Siku hiyo moja ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kwa hiyo twaitaka kamati iwaombe waajiri ya kwamba siku ya kupimwa na siku ya kuchukua jibu zisikatwe mshahara.

Ndugu, hatungoji reli ikatike ndipo tuitazame. Kinywa nacho tusikingoje kiume.