Matunzo ya Mashini ya Kunasa Sauti

Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akanasa wimbo wa wasichana uitwao "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilisikika huko kwa santuri. Miaka zaidi ya sitini baadaye nyimbo zile zilirudishwa Kapkatet, na watu wakazisikia tena. Mwaka ule ule wa 1950 wakulima waliokuwa wamekalishwa Olenguruone tangu 1941 walihamishwa kwa nguvu, wengi wakapelekwa Yatta. Wazee wawezao kusimulia siku zile wamebaki wachache; na yule aliyesimulia mbele ya mashini akafariki, hapana mahali pengine pa kumsikia ila katika kanda yake. Kwa hiyo yafaa ijulikane kwamba mashini isiyotunzwa haiishii kutoa sauti mbaya tu. Yaweza kuiharibu kanda yenyewe.

Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa kutu ya chuma. Hupita mbele ya vichwa vitatu: cha kwanza hufuta, cha pili hunasa, cha tatu husoma. Mashini kubwa za studio hugawanya utepe wa inchi 2 katika njia 24, kila njia na sauti yake, ngoma huku, gitaa kule. Kichwa kikiinama kidogo tu, sauti nyembamba hufifia.

Fundi huanza na usafi. Huchovya pamba katika spiriti safi, si ile ya taa yenye rangi, akavifuta vichwa na vyuma vyote viguswavyo na utepe mpaka pamba itoke nyeupe. Gurudumu la mpira lisipakwe spiriti ovyo, maana mpira hukauka ukapasuka.

Kisha huondoa usumaku. Vichwa hushika usumaku kidogo kidogo, na kichwa chenye usumaku hupunguza sauti nyembamba kila utepe upitapo, wala hazirudi. Mashini huzimwa, kanda zote hupelekwa mbali. Chombo cha kuondolea usumaku huwashwa kikiwa umbali wa mkono, husogezwa polepole karibu na kichwa, huondolewa polepole vile vile, nacho huzimwa kikiwa mbali. Akikizima kikiwa karibu, amekiachia kichwa usumaku kuliko ule wa kwanza. Hapa haraka kweli haina baraka.

Ndipo ifuatapo kazi ya kupima. Iko kanda maalumu yenye milio ya kipimo kinachojulikana, kama mitetemo 1,000 kwa sekunde, 10,000 na 100. Ni ghali, na yashangaza kuona watu wakiipitisha kwenye mashini chafu. Fundi huicheza, akageuza skurubu ya kichwa cha kusomea mpaka mlio wa 10,000 utoke kwa nguvu zaidi, kisha hurekebisha njia moja moja mpaka mishale yote isome sawa. Kusoma hutangulia kunasa siku zote, kwa kuwa kunasa hupimwa kwa kusoma. Mwenye duka aliye na mizani ya uongo hawezi kupima sukari ya kweli. Baadaye huweka utepe mtupu, akanasa mlio wa 10,000 huku akiongeza ule umeme usiosikika unaosaidia utepe kushika sauti, mpaka mshale ufike kilele halafu ushuke kiasi walichoagiza waliotengeneza utepe. Asithubutu kufanya hivi kwenye kanda yenye maneno, maana kichwa cha kufuta hakichagui.

Olenguruone ni nchi ya ukungu na mvua, ubavuni mwa msitu wa Mau, na unyevu ni adui mkubwa. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitiwa gundi inyonyayo unyevu. Zikichezwa hunata na kulia, na unga hubaki vichwani. Kanda ikianza kulia isimamishwe papo hapo. Mafundi hukausha kanda kama hizo katika tanuri la umeme lenye joto la kadiri ya digrii 54 kwa saa nyingi, kisha huzinakili upesi. Jiko la mkaa si mahali pake. Kanda za zamani za asetati zisikaushwe hivyo asilani. Hizo hutambulikana kwa urahisi: gurudumu la kanda likiinuliwa mbele ya taa, asetati hupitisha mwanga.