Ini, Kiwanda cha Mwili

Akina mama na walezi wa Masimba, leo tuzungumzie ini.

Ndani ya kila seli ya ini mna utando uliokunjwa-kunjwa. Kwenye utando huo wamo vimeng'enya, wafanyakazi wanaoshikanisha protini na sukari. Kazi huanzia hapo, humalizikia kwenye utando mwingine uitwao Golgi, kisha protini humwagwa kwenye damu. Baadhi yake ndizo hugandisha damu mtoto anapojikata.

Sumu ya kuvu, aflatoksini, huharibu seli hizo. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui. Ini likishindwa, macho huwa manjano, na damu huweza kutoka ovyo.

Huku kwetu mvua ni nyingi, mahindi hayakauki upesi. Mama, yaanike juu ya turubai, si chini. Yenye kuvu usiyasagie uji wala usimpe ng'ombe wa maziwa. Kupika hakuondoi sumu.

Ukiona macho ya mtoto yamekuwa manjano, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, usingoje kesho.