Msafara Uliopungukiwa Gari Moja: Kupanga Safari ya Kikundi Kwenda Sibiloi

Mada iliyowasilishwa katika semina ya viongozi wa misafara ya magari, Nairobi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga safari ya kikundi ya kupiga kambi katika mbuga iliyo jangwani. Nitajifunga na mbuga moja, Sibiloi, iliyo ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana katika Kaunti ya Marsabit. Ushauri wa jangwa kwa jumla haumfai kiongozi ambaye keshokutwa anapakia magari na anataka kujua abebe lita ngapi. Sibiloi ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1973. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,570, na tangu 1997 imo katika orodha ya Turathi za Dunia. Makao yake yako Alia Bay, na ukisimama hapo hakuna duka, hakuna kituo cha mafuta, wala fundi wa kumwita.

Hoja yangu ni moja. Kikundi chenye magari manne kikipangwa kama kikundi cha magari manne, kimepangwa vibaya. Kipangwe kama kikundi cha magari matatu, na lile la nne lihesabiwe tangu siku ya kwanza kuwa limebaki njiani na springi iliyovunjika. Viti, maji, mafuta, vifaa na hata ujuzi wa watu vigawanywe hivi kwamba gari lolote likitoka, yaliyobaki yanaweza kuwafikisha wote mahali salama. Viongozi wengi huogopa kuchelewa au kupotea. Mimi naogopa zaidi kikundi ambacho gari lake moja limebeba maji yote.

Njia yenyewe

Kutoka Nairobi kupitia Isiolo hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 500, zote lami. Lami hiyo imebadilisha safari za kaskazini, lakini pia imewafanya watu wafike Marsabit wakidhani sehemu ngumu imekwisha, wakati ndipo inapoanza. Kutoka Marsabit kwenda North Horr, ukipitia Maikona na Kalacha, ni karibu kilomita 200 za mawe ya volkano, mchanga na uwanda wa Chalbi. Kutoka North Horr hadi Alia Bay ni zaidi ya kilomita 100 nyingine. Wako wanaopendelea kuingia kwa Laisamis na Loiyangalani, kwa kuwa barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mitambo ya umeme wa upepo imerahisisha sehemu kubwa ya njia hiyo. Ni njia nzuri ya kurudia, kama kikundi kina nguvu ya kuzunguka.

Chalbi inastahili maneno yake. Ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, na wakati wa kiangazi ina ukoko mweupe wa chumvi unaobeba gari vizuri hadi dereva anaanza kukanyaga mafuta. Shida ni kwamba ukoko mkavu unaweza kulala juu ya tope bichi, na macho hayaoni tofauti. Hapo magari yasitawanyike kwa ajili ya picha, hata uwanda uwe mpana namna gani. Yafuate alama za magurudumu zilizokwishapita. Mahali penye shaka gari moja litangulie, mengine yangoje penye ardhi imara mpaka lifike ng'ambo, maana magari mawili yakizama pamoja hakuna wa kumvuta mwenzake. Mvua ikinyesha, uwanda huo haupitiki, na ndiyo sababu miezi ya Aprili na Novemba haifai kuwekwa katika ratiba hata kama likizo za watu zinaangukia hapo.

Viti, mafuta na maji

Tuchukue kikundi cha watu kumi na wawili katika magari manne, watatu kila gari. Gari moja likifa, watu hao watakaa wanne wanne katika matatu. Linaonekana jambo jepesi hadi unapofungua mlango wa nyuma na kukuta kiti kimezikwa chini ya masanduku, jiko na makochi ya kambi. Kwa hiyo, katika kikao cha upakiaji, kila dereva aonyeshe kiti cha nne kilipo na aseme ni mizigo ipi itakayoachwa ili kiti hicho kipatikane. Asiyeweza kuonyesha apunguze mizigo siku hiyohiyo.

Mafuta yahesabiwe kuanzia Marsabit, kwa sababu hapo ndipo penye vituo vya kutegemewa. North Horr na Loiyangalani mara nyingi mafuta hupatikana kwenye mapipa, kwa bei ya mapipa, na siku nyingine hayapo. Kwenda Alia Bay na kurudi Marsabit, pamoja na mizunguko ya ndani ya mbuga, weka kilomita 800. Gari zito la dizeli linalokwenda kilomita nane kwa lita kwenye lami halitafanya hivyo mchangani kwa giya nzito, lihesabie tano. Hizo ni lita 160. Ongeza robo ya akiba, unafika 200. Gari lenye matangi mawili ya jumla ya lita 180 linahitaji jerikeni moja ya lita 20 tu. Lakini mwenzetu mwenye gari dogo la petroli, tangi la lita 60, hata tukimhesabia kilomita nane kwa lita, anahitaji lita 125 pamoja na akiba. Lazima abebe jerikeni nne, na hana pa kuziweka. Kibaya zaidi, akiishiwa, hakuna wa kumgawia, kwa kuwa wengine wote wanatumia dizeli. Kiongozi amwambie mapema, kwa heshima, kwamba safari hii aje kama abiria. Ni mazungumzo magumu, na mimi naamini ndiyo kazi ya kwanza ya kiongozi wa msafara.

Maji nayahesabu lita nane kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika na kunawa kidogo. Joto la mchana la nyuzi 35 hadi 40, pamoja na upepo unaokausha jasho kabla hujalihisi, halikubali kipimo cha chini ya hapo. Watu kumi na wawili kwa siku tano ni lita 480, na akiba ya siku mbili ni lita 192. Jumla ni 672, na kila lita ina uzito wa kilo moja. Ukigawa kwa magari manne, kila moja linabeba kilo 168 za maji kabla hujapakia chakula. Gari moja likiachwa, maji yake yahamishwe kwanza, kabla ya mabegi ya watu. Tena yawekwe katika vyombo vya lita 20 vingi badala ya tangi moja kubwa, maana jerikeni moja ikitoboka imekwenda lita 20, lakini tangi likipasuka umekwisha.

Mtu atauliza: ziwa si liko pale? Liko, na hutajwa kuwa ndilo ziwa la kudumu kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani. Lakini maji yake yana magadi na floridi nyingi, na ukingoni kuna mamba. Si maji ya kuwekwa kwenye hesabu ya msafara.

Matairi

Mchangani tunapunguza upepo wa tairi ili likanyage kwa upana, hata kufikia nusu ya presha ya lami. Wengi wanalijua hilo. Kinachosahaulika ni kwamba njia ya Sibiloi haikai mchangani. Baada ya kilomita chache unaingia kwenye mawe meusi ya volkano yenye makali, na tairi lililopunguzwa upepo linatoa ubavu nje. Ubavu ndiko kusiko na nyuzi za kutosha, na jiwe likiukata hauzibiki. Kwa hiyo msafara usimame mchanga unapokwisha na kila tairi lijazwe tena kabla ya kuingia mawe. Itachukua dakika ishirini na watu watanung'unika. Wanung'unike, lakini wasimame. Kila gari libebe matairi mawili ya akiba na pampu yake yenyewe, na ikiwezekana magari yote yawe na ukubwa mmoja wa tairi na idadi moja ya matundu ya nati, ili gurudumu la gari lililokufa lilifae lililo hai.

Kwenye kuvuta gari lililozama nitasema moja tu: kamba isifungwe kwenye mpira wa kuvutia trela. Mpira huo ukikatika huruka kama risasi, na watu wameuawa hivyo. Wasiohusika wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Ardhi isiyokanyagwa

Sasa nafika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Watu hununua magari ya nguvu ili waende mahali pasipo na barabara. Ndani ya Sibiloi, gari halitoki kwenye njia iliyopo, hata mita kumi, na sababu yake iko ardhini.

Mwaka 1972, Bernard Ngeneo, aliyekuwa katika kikosi cha mtafiti wa visukuku Richard Leakey huko Koobi Fora, ndani ya mbuga hii, aliona vipande vya mfupa kwenye mteremko uliomomonyolewa na mvua. Vilikusanywa vipande zaidi ya 150, vingine vidogo sana, na kwa kazi ya subira vikaunganishwa kuwa fuvu linalojulikana kwa namba yake ya makavazi, KNM-ER 1470. Lina umri wa karibu miaka milioni mbili, na limebadilisha mazungumzo ya dunia nzima kuhusu asili ya binadamu. Hebu fikirini mteremko ule kabla Ngeneo hajapita: changarawe ya kahawia, vijiwe, na kati yao vipande vya ukubwa wa kucha. Dereva aliye kwenye kiti cha gari asingeona chochote. Angesikia changarawe ikivunjika chini ya tairi, kama inavyovunjika kila siku.

Visukuku vya Sibiloi haviko chini sana vikingoja kuchimbwa. Vingi hutoka vyenyewe mvua inapoosha udongo, vikalala juu. Huko Ileret, kaskazini ya Koobi Fora, kumepatikana nyayo za watu wa kale zilizokanyagwa kwenye tope miaka milioni 1.5 iliyopita, na vidole bado vinaonekana. Na alama ya gari kwenye ardhi ya jangwa haifutiki kwa msimu mmoja. Inabaki miaka, inawaita wengine waifuate, na mvua inaigeuza kuwa korongo. Kwa hiyo kiongozi anayeruhusu magari yake yacheze kwenye miteremko hiyo anaharibu kitu ambacho si cha kikundi chake, si cha kizazi chake.

Kuokota nako ni vilevile. Kwenye msitu wa mawe, ambako magogo ya miti ya mamilioni ya miaka yamegeuka jiwe, kipande kidogo kinaingia mfukoni kwa urahisi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inakataza. Pamoja na hilo, kisukuku kilichohamishwa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake, kwa kuwa umri wake husomwa kwenye tabaka la udongo lililokishika. Mkikiona, kipigeni picha, chukueni vipimo vya mahali kwa GPS, mpeni askari wa wanyamapori habari, na mkiache.

Kambi na watu wa huko

Kambi isiwekwe ndani ya laga, yaani mkondo wa mto uliokauka, hata kama mchanga wake ni laini na kuna kivuli cha migunga. Mvua inayonyesha milimani, msiyoiona, inaweza kuleta mafuriko usiku. Isiwekwe pia ukingoni mwa ziwa, kwa sababu ya mamba. Tena kina cha Turkana kimepanda miaka hii, na ramani za zamani zinaweza kuwaonyesha njia ya ukingoni iliyokwisha kumezwa na maji. Vigingi vya hema havishiki mchangani upepo wa mashariki unapovuma usiku, basi bebeni magunia matupu, myajaze mchanga na kufungia kamba. Kuni zisikatwe kabisa. Pikeni kwa gesi, na mpike dengu, maana maharagwe makavu hula gesi na maji ambayo mmeyabeba kilo kwa kilo.

Nchi hiyo ina wenyewe: Wagabra, Wadasanachi, Waturkana, Warendille, na Waelmolo wa Loiyangalani. Visima ni vyao na mifugo yao. Msinywe kwenye kisima bila kuomba, msipige picha bila ruhusa, na msiweke kambi karibu na maji ambako ngamia wataogopa kusogea. Kuhusu usalama, hali hubadilika kwa wiki. Ulizeni polisi na ofisi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) mkiwa Marsabit, mwulize tena North Horr, na mkishauriwa mchukue askari wa kuwasindikiza, mchukueni na mumhesabie kiti, chakula na maji.

Kurudi

Masharti ya kugeuza msafara yaandikwe Nairobi, watu wakiwa wamepumzika na wameshiba. Mimi hupendekeza matatu: maji yakifikia akiba ya siku mbili, mafuta ya gari lolote yakifikia kiasi cha kurudi tu, au gari la pili likipata hitilafu isiyotengenezeka. Sharti mojawapo likitimia, msafara unageuka bila kura. Kura huwapendelea waliolipa na wenye hamu, na mgonjwa huwa kimya. Pesa za kulivuta gari lililoachwa nazo zikubaliwe mapema nani atalipa kiasi gani, kwa maandishi, kwa kuwa urafiki mwingi huvunjikia hapo.

Simu za kawaida hazishiki sehemu kubwa ya njia. Kikundi kiwe na simu ya setilaiti au kifaa cha ujumbe wa setilaiti, na watu wasiopungua watatu, kutoka magari tofauti, wajue kukitumia. Alia Bay na Koobi Fora kuna viwanja vya ndege vidogo. Vipimo vyake vya GPS viandikwe kwenye karatasi ndani ya kila gari, pamoja na namba ya madaktari wa ndege na ya bima ya kila msafiri.

Mwisho, mtu mmoja abaki Nairobi akiwa na ratiba, namba za usajili wa magari, majina ya wote na saa ya kupokea ujumbe kila jioni. Ujumbe usipofika saa mbili usiku, asianze kuwapigia jamaa. Angoje hadi saa moja asubuhi, na kama bado kimya, simu yake ya kwanza iende ofisi ya mbuga.